Mgeni Mmoja wa Matogoro

Mume wangu alipopunguzwa kazini, cherehani yangu ilikuwa imeshaanza kukaa bure. Tulikuwa tumepanga Bombambili, na cherehani niliiweka barazani ili wapita njia waione. Zamani ikikaribia Krismasi nilikuwa sipati hata nafasi ya kula, watu wananiachia vitambaa na kunililia. Kisha mitumba ikaingia. Marobota yalifunguliwa sokoni asubuhi, na gauni zima la Ulaya likauzwa kwa bei ambayo mimi nisingepatia hata kitambaa na uzi. Wateja wachache waliobaki walikuja kupunguziwa mitumba yao. Nilikaa barazani nikipunguza magauni ya wazungu wanene yawaenee wanawake wa Songea, na hiyo ndiyo ikawa kazi yangu.

Mume wangu alikuwa mtu wa misitu. Aliajiriwa akiwa kijana, akaanzia kwenye kitalu cha miche, akapandishwa hadi kusimamia upandaji, na mwishowe akawa mlinzi wa msitu wa Matogoro. Mlima ule uko juu ya mji kabisa. Ukifungua mlango Bombambili unauona, ukitoka kanisani unauona. Sehemu moja ni miombo ya asili, sehemu nyingine ni mipaini iliyopandwa kwa mistari, na mipaini mingi ya upande unaotazama mji aliipanda yeye na wenzake. Tulipokuwa wachumba alinionyesha kwa kidole kutoka barabarani. Mimi niliona majani mafupi tu na udongo mwekundu, lakini nikasema ni pazuri.

Siku ya kupunguzwa waliitwa ofisini wote pamoja wakaelezwa kwamba serikali haiwezi tena kubeba mzigo mkubwa. Alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa kwenye kigoda changu cha kushonea.

"Wamesema serikali inatua mzigo," akaniambia.

"Mzigo gani?"

"Mzigo ndio sisi, mama watoto."

Baadaye wakapewa semina ya kujiajiri. Mtaalamu mmoja alitoka Dar es Salaam, akawaambia kila mtu atazame alichonacho mkononi akigeuze biashara. Mume wangu akanyoosha mkono akauliza, mtu ambaye ujuzi wake ni miti afanye nini? Mtaalamu akajibu bila hata kufikiri: utalii. Akasema huko Arusha watu wanaishi kwa kutembeza wageni tu, na nyinyi Songea mna msitu ndani ya mji, mna chanzo cha mto Ruvuma, mnakaa mmelala.

Neno lile lilimwingia. Alirudi macho yanang'aa kama mtu aliyekunywa pombe ya ulanzi. Alikwenda ofisini kwao kuomba kibali cha kupitisha wageni msituni, na alizungushwa sana mpaka akakipata. Akachukua panga akaanza kufyeka njia. Alifyeka kiangazi kizima, peke yake. Alichonga vibao vya mbao, akaandika majina ya miti kwa rangi nyeupe. Kwenye kisima cha chanzo cha Ruvuma alipanga mawe kuzunguka ili wageni wakae. Kisha akaandika tangazo kwa mkono wake, kwamba kuna matembezi ya nusu siku ndani ya msitu wa Matogoro pamoja na chai, na akazunguka akiomba kulibandika kwenye nyumba za wageni.

Hakuna aliyekuja. Songea haikuwa njia ya kwenda popote, isipokuwa kwa mtu anayekwenda Ziwa Nyasa au Tunduru, na hao walikuwa wafanyabiashara. Majirani walianza kumwita "Mtalii". Akipita wanamuuliza, "Mtalii, leo tembo wangapi?" Anacheka nao, lakini akifika nyumbani anachukua panga na kulinoa. Kila Jumamosi alipanda mlimani kusafisha njia ambayo hakuna aliyeikanyaga.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tisa, dereva mmoja akaja barazani kwangu. Mtu mzima, ana kitambi, anaongea Kiswahili cha Dar.

"Dada, nasikia hapa ndipo anapokaa mzee wa kutembeza watu porini."

Alisema anamsafirisha bibi mmoja wa kizungu kwenda Mbamba Bay, lakini springi ya gari imekatika kwenye barabara ya Njombe, wamejikokota hadi Songea, na nyingine inasubiriwa kutoka Makambako. Bibi amechoka kukaa chumbani. Ameona karatasi ukutani, anataka kutembea kesho asubuhi.

Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba. Nilipomwita na kumweleza, alimshika dereva mkono kwa mikono yake yote miwili, akasahau kuuachia.

Usiku ule nilichemsha mayai na magimbi, alfajiri nikachoma vitumbua, nikajaza chai kwenye chupa ya kuazima. Tulikuwa tumeandika "pamoja na chai", kwa hiyo na mimi nilikuwa naenda. Yeye alivaa sare yake ya kazi ya zamani. Nilikuwa nimemshonea kiraka begani kwa uzi wa rangi ileile, kikawa hakionekani ila kwa mtu aliyejua.

Yule bibi alikuwa mwembamba, nywele nyeupe kabisa, ana fimbo ya kutembelea na darubini shingoni. Mume wangu akasema, "Shikamoo mama," naye akajibu "Marahaba" vizuri kabisa, kama mtu wa hapa. Dereva akatueleza kwamba bibi alifundisha huko ziwani akiwa msichana, kabla hata ya Uhuru. Kiswahili chote kimemtoka, zimebaki salamu.

Tulianza kupanda jua likiwa bado changa. Kulikuwa na moshi hewani, kama kawaida ya mwezi huo watu wanapochoma mashamba, na mji chini yetu ulikuwa umefunikwa na utando wa kijivu. Mume wangu alitangulia, nyuma yake bibi, kisha dereva akihema, na mimi nyuma na kikapu. Alianza kueleza. Sikuwahi kumsikia akizungumza namna ile. Alisimama kwenye kila mti. Huu mninga, ukiukata unatoa damu. Huu msuku, matunda yake yakiiva watoto hawarudi nyumbani. Dereva alikuwa anatafsiri kwa kifupi, maneno mawili kwa kumi ya mume wangu, lakini bibi aliinama akashika magome, akanusa majani, akauliza maswali. Nilimtazama mume wangu mgongoni, nikaona amenyooka. Nikajisemea, kumbe inawezekana.

Kibao cha kwanza hatukukikuta. Akasema pengine upepo. Cha pili tulikuta nguzo yake tu, imekatwa kwa panga. Akaipita, akaendelea.

Kwenye bonde dogo ambako alikuwa amemwahidi bibi kwamba wataona mbega, tulikaa kimya tukisubiri. Bibi alitazama juu kwa darubini muda mrefu. Mume wangu alipiga mluzi, akanguruma kama wanavyonguruma mbega wenyewe. Miti ilikuwa kimya. Aliwafahamu wale mbega, alikuwa ananieleza habari zao jioni kama mtu anayesimulia habari za majirani.

"Mwambie wamesogea upande wa juu," akamwambia dereva. "Kiangazi huwa wanasogea."

"Ni kweli?" dereva akauliza.

"Mwambie hivyo."

Tulipoingia kwenye mipaini ndipo tukaanza kusikia. Ko. Ko. Ko. Mlio wa mbali, unapumzika, unaanza tena. Mimi niliujua mara moja na yeye aliujua kabla yangu. Bibi akasimama akainua kidole, akauliza kitu.

"Anauliza ni nini hicho," dereva akasema.

Mume wangu alinitazama. Kisha akamtazama dereva.

"Mwambie ni gong'ota. Ndege anayetoboa miti."

Dereva aliguna, akageuza uso pembeni ili asicheke, lakini akatafsiri. Bibi akafurahi sana. Akalirudia lile jina, "gong'ota, gong'ota", akaanza kuwinda kwa darubini yake tawi hadi tawi, huku shoka likiendelea. Mume wangu alisimama kando yake akimwonyesha kwa kidole mahali ambapo hapakuwa na kitu. Niliona aibu hadi nikainamisha kichwa na kuanza kupangapanga vitu kwenye kikapu.

Hapakuwa na njia nyingine. Njia aliyofyeka ilipita palepale. Tulipokata kona, mipaini ikaisha ghafla. Palikuwa peupe, visiki vitupu, vingine bado vinatoa utomvu, na ng'ambo ya visiki mwanzo wa miombo, ambako palikuwa na tanuri la mkaa linafuka moshi. Mwanamke mmoja amejifunga khanga kiunoni alikuwa anakata tawi la mwombo ulioangushwa. Alipotuona na mzungu wetu hakukimbia. Aliweka shoka chini taratibu.

Tulimfahamu. Alifanya kazi na mume wangu kitaluni miaka mingi, alikuwa mwenye mkono mwepesi wa kuotesha kuliko wote. Alipunguzwa siku moja na yeye. Mume wake alikwisha kufariki.

"Shikamoo shemeji," akaniambia mimi kwanza, ingawa tulikuwa karibu rika moja. Nadhani hakujua aseme nini.

Mume wangu alimwendea. "Na wewe?" akasema. "Wewe? Mistari hii si tulipanda pamoja?"

"Mipaini sikukata mimi. Mipaini walikuja watu na gari, wana karatasi ya kibali, nenda ukawaulize huko ofisini kwenu. Mimi nakata hii inayobaki."

"Lakini hii ni miombo. Hapa ni kwenye maji, hii ndiyo inayotunza chanzo!"

"Najua ni kwenye maji. Nani alinifundisha kama si wewe?" Alikuwa hapigi kelele, aliongea kama mtu aliyechoka. "Wewe umepata mzungu leo. Mungu akupe na kesho. Mimi watoto wangu wanakula nini? Niambie, bwana misitu. Wale miche?"

Mume wangu alilitazama lile tanuri. Wakati ule nyumbani kwangu nilipikia mkaa, kama mji mzima, na sikuwahi kuuliza unatoka wapi.

Dereva alikuwa ameacha kutafsiri. Bibi alisimama akiegemea fimbo yake, anamtazama yule mwanamke, kisha mume wangu, kisha visiki. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akakaa kwenye kisiki kimoja, akanionyesha kikapu. Nikatandika khanga. Tukanywa chai palepale, sote, pamoja na yule mwanamke, ambaye alikula yai kwa kugeukia pembeni, na nusu ya kitumbua akaifunga kwenye pindo la khanga yake. Tanuri liliendelea kufuka. Dereva akavisifu vitumbua vyangu.

Nilidhani tutarudi. Mume wangu akasimama akasema tumebakiza chanzo cha Ruvuma, na tangazo lilisema chanzo cha Ruvuma. Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Baba watoto, inatosha. Bibi amechoka." Akasema, "Mto hauwezi kukatwa kwa shoka. Twende."

Tukapanda tena. Bibi alikuwa anapumzika kila baada ya hatua chache, na mume wangu alimngoja bila haraka, amempa mkono. Hakueleza miti tena. Tulipofika, mawe aliyoyapanga yalikuwepo, hakuna aliyeyagusa. Katikati yake palikuwa na tope jeusi, lina alama za kwato na za ndoo, na juu ya tope maji kidogo ya kutosha kulowesha kiganja. Mwaka wa nyuma nilikuwa nimekunywa pale. Maji yalikuwa yanatoka chini ya jiwe yakicheza, baridi hadi meno yanauma.

Alipiga magoti. Akaanza kuchimba lile tope kwa mikono, akilitupa pembeni, akingojea maji yajikusanye. Yalijikusanya machafu. Akachimba tena. Sare yake ikaloa magotini. Dereva akasema, "Mzee, acha bwana, tumeshaona." Hakumsikia.

Bibi akamsogelea, akaweka mkono begani mwake, juu ya kile kiraka, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anayatoa maneno ndani ya sanduku la zamani:

"Pole. Pole sana, baba. Nimesikia yote."

Hapo ndipo tulipojua kwamba Kiswahili hakikumtoka kabisa. Alielewa ya mbega, alielewa ya shoka, na bado aliinua darubini kutafuta ndege. Mume wangu alibaki amepiga magoti, mikono imejaa tope. Nadhani kama angemtukana ingekuwa nafuu. Huruma ile ilimmaliza. Alilia mbele yetu, mume wangu ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika mtoto wetu wa pili.

Tukashuka. Bibi alimlipa, akamshukuru, akasema ataandika kwa rafiki zake waje. Kesho yake jioni springi ikafika, na keshokutwa yake waliondoka kwenda ziwani. Hatukumsikia tena. Simlaumu, alikuwa mzee, na huenda aliandika, rafiki zake nao walikuwa wazee.

Watu hudhani mtu huvunjika kwa kishindo. Mume wangu aliamka siku iliyofuata akanawa, akaniuliza kama kuna chai. Jumamosi ilipofika hakupanda mlimani. Mwezi wa kumi moto ulipanda Matogoro ukachukua sehemu kubwa ya mipaini iliyobaki. Mji mzima ulitoka kutazama, maana usiku ulikuwa unapendeza, mstari mwekundu unatambaa. Mimi nilisimama barazani. Yeye alikuwa ndani, amelala akitazama ukuta.

"Hutaki hata kutazama?" nikamuuliza.

"Nimeshautazama mlima ule wa kutosha."

Wakati huo habari za Tunduru zilikuwa zimepamba moto. Mawe ya thamani yalikuwa yamepatikana mitoni, na watu walikuwa wanaacha nyumba, wanaacha madarasa, wanapanda malori kwenda kuchimba. Hata waliokuwa wakimcheka walikwenda. Sikumwambia aende, wala sikumkataza. Siku moja nilimkuta anafunga shuka.

"Unakwenda kufanya nini? Wewe si mtu wa kuchimba."

"Kwani mimi ni mtu wa nini sasa?"

Nilimsindikiza hadi mahali malori yanapopakia. Alipanda juu ya magunia pamoja na wengine, akanipungia mkono mara moja, kisha akageukia mbele. Alikwenda Namasakata huko Tunduru na kwingineko, alikuwa anahamahama kufuata tetesi za mawe. Alituma salamu kwa watu, mara mbili alituma kitu kidogo. Yeye mwenyewe hakupata jiwe la maana. Watu waliotoka huko walisema kazi yake ilikuwa kusimama ndani ya maji ya mto kutwa nzima, akichekecha mchanga, na kwamba alikuwa haongei na mtu.

Alirudi baada ya masika ya pili, kifua kimeharibika, nguo zinamning'inia kama zile nilizokuwa napewa kupunguza. Hospitali walimpa dawa, akapata nafuu, kisha akazidiwa tena. Mchana nilimtoa nje kupata jua. Aliomba nimgeuzie kiti kielekee barabarani, sio mlimani. Tulikaa hivyo miezi kadhaa, mimi nikishona kidogo, yeye akitazama baiskeli zinapita. Mara moja tu alizungumza habari za siku ile. Alisema, "Yule bibi angeweza kusema mapema kwamba anaelewa." Nikamwambia alikuwa anatusitiri. Akatingisha kichwa. "Alikuwa ananiacha nidanganye," akasema.

Alifariki wakati wa baridi. Tulimpeleka kwao Lusewa, tukamzika karibu na baba yake. Kodi ya Bombambili ilikuwa imenishinda, na ndugu zake wakasema wazi kwamba kama nitabaki nao nitapata shamba la tumbaku na mahindi. Nikabaki. Mjini sikuwa na cha kurudia.

Tumbaku yetu inakaushwa kwa moshi. Kila msimu banda la kukaushia linataka kuni, kuni mbichi na kavu, mchana na usiku, na kila mwaka tunazifuata mbali zaidi. Mwanzoni tulikuwa tunakata nyuma ya nyumba. Sasa tunaondoka alfajiri na kurudi jua limekuwa kali, tumejitwika, na njiani hakuna kivuli. Shemeji zangu ni watu wema, wananipa mizigo midogo. Shoka nimezoea kulishika. Nikifika kwenye mti natazama majani kwanza, namjua ni nani, kwa jina alilonifundisha mume wangu, kisha naukata.